Namna ya kuusoma moto wa nyika kabla haujakugeukia: mlima, majani na upepo

Watu wengi wakiona moto kichaa kwa mbali wanaangalia ndimi zake tu, zikiwa ndefu wanaogopa, zikiwa fupi wanasogea kuchukua video. Hapo ndo shida inapoanzia manake urefu wa ndimi unakwambia moto ulivyo saa hii, haukwambii utakuwaje baada ya dakika 10, na hizo dakika 10 ndo zinaua. Mwaka 1977 mtafiti mmoja wa Marekani, Carl Wilson, alipitia matukio ya wazima moto waliokufa au kuponea chupuchupu porini akakuta mambo 4 yanajirudia: moto ulikuwa mdogo, au ilikuwa sehemu iliyotulia ya moto mkubwa, ulikuwa kwenye majani mepesi kama nyasi na vichaka, upepo uligeuka ghafla, na moto ukapanda mlima. Isome tena hiyo. Hamna mahali pametajwa msitu mnene na ndimi za kutisha, ni moto ambao ukiuona ungesema huu mbona kidogo tu.

Kwahiyo hapa naelezea namna ya kuangalia vitu vitatu, ardhi ilivyokaa, kinachoungua, na hali ya hewa, afu kujua ni wapi na saa ngapi vitaanza kusukuma upande mmoja. Kama mlima unauvuta moto huku na upepo unausukuma kule, moto unajikokota. Vikikubaliana vyote, moto unakimbia.

Anza na ardhi kwasababu yenyewe haibadiliki, unaweza ukaisoma miezi mingi kabla ya kiangazi. Moto unapenda kupanda. Chukua njiti ya kiberiti, iwashe uishike kichwa kikiwa juu, inaungua kwa kusuasua na mara nyingi inazima yenyewe, sasa iinamishe kichwa kiwe chini uone inavyokufukuza vidole. Mlimani ni hivyohivyo, joto na gesi za moto zinapanda, ndimi zinayainamia majani yaliyo juu yake, yale majani yanakauka na kuchemka kabla moto wenyewe haujafika, ukifika unakuta kazi imeshaisha. Hesabu ya haraka inayotumika sana Australia ni kwamba kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10 spidi ya moto inakuwa mara mbili, maana yake nyuzi 20 ni mara 4 ya tambarare na nyuzi 30 ni mara 8. We mwenyewe kwenye huo mwinuko spidi yako inashuka, pumzi inakata, miguu inateleza. Hayo sio mashindano ya kuingia.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana kule Marekani, tarehe 5 Agosti 1949. Wazima moto walirushwa kwa miamvuli kutoka kwenye ndege, wakawa wanashuka bondeni kuelekea mtoni wakijua moto uko ng'ambo, kumbe umeshavuka uko chini yao na upepo unaupandisha bondeni kwenye nyasi kavu. Wakageuka kukimbia kupanda mlima. 13 walikufa. Kiongozi wao Wag Dodge aliwasha moto mwingine kwenye nyasi mbele yake, akaingia kwenye jivu la huo moto wake akalala kifudifudi, moto mkubwa ukampita kwa pembeni, akapona. Wenzake walidhani amechanganyikiwa. Sikwambii uige, ni jambo la kufanya pale ambapo hamna kingine kilichobaki, ila kumbuka hiyo kanuni iliyomuokoa kwamba palipokwisha kuungua kabisa hapaungui tena, tutairudia.

Mwinuko ukifika nyuzi kama 25 kwenda juu kuna jambo lingine linatokea, hasa kwenye korongo. Ndimi zinaacha kusimama, zinalala kabisa zinashikana na ardhi, na joto lote linakwenda mbele badala ya kwenda angani. Cha kushangaza jambo hili lilikuja kueleweka vizuri kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, King's Cross jijini London, mwaka 1987, moto ulianzia chini ya ngazi za umeme za mbao zilizoinama nyuzi 30 ukalala ndani ya ule mfereji wa ngazi na kulipuka ghafla kwenye ukumbi wa juu, watu 31 wakafa. Korongo la mlimani lina umbo hilohilo, kuta mbili pembeni na sakafu inayopanda. Linavuta hewa kutoka chini kama dohani, kwahiyo moto ukianzia mdomoni mwa korongo fanya kama vile juu kote kumeshaungua.

Vitu vingine vya kuandika ukiwa unatembea eneo lako: mapengo kati ya vilele viwili, upepo unabanwa pale unaongeza spidi na moto unapita palepale. Mabonde membamba, moto wa upande mmoja unaweza kuwasha upande wa pili kwa joto tu au kwa cheche bila kushuka chini kabisa. Na miteremko mikali yenye magogo na mawe yaliyolegea, kwasababu kitu kinachoungua kikibiringika mpaka chini kinawasha moto mpya chini yako, na ule mpya unapanda kukufuata. Watu wanasahau sana hili la mwisho, wanasema moto unashuka taratibu tuna muda, kumbe kuna gogo moja tu limeshashuka.

Afu angalia mlima umetazama wapi. Kaskazini mwa ikweta mbali kidogo, upande unaotazama kusini na kusini magharibi ndo unapigwa na jua zaidi, unakauka mapema, una nyasi na vichaka vyepesi. Kusini mwa ikweta ni kinyume, upande wa kaskazini. Ukiwa karibu na ikweta yenyewe tofauti hiyo ni ndogo na inageuka na majira, pale cha kuangalia zaidi ni upande wa magharibi unaochomwa na jua la mchana wakati hewa imeshakauka. Upande wenye kivuli unaweza kuwa na miti mingi na kuonekana wa hatari zaidi, lakini siku za kawaida unakuwa na unyevu. Siku ya ukame mkali huo upande wenye miti mingi ndo unaungua vibaya zaidi kwasababu una mzigo mkubwa wa vitu vya kuungua, ila huwa ni wa mwisho kukubali.

Sasa kinachoungua. Cha kuangalia kwanza ni unene kabla hata ya aina ya mti. Kitu chembamba kuliko milimita 6 hivi, nyasi, majani yaliyodondoka, sindano za misonobari, vijiti, kinafuata unyevu wa hewa ndani ya saa moja tu, asubuhi kina umande saa 6 mchana ni baruti. Kijiti mpaka unene wa sentimita 2 na nusu kinahitaji kama saa 10, mpaka sentimita 7 na nusu kama saa 100 yaani siku 4 hivi, na magogo makubwa kuanzia hapo ni kama saa 1000, wiki 6. Hii ina maana mbili. Ya kwanza, mvua ya jana jioni haikulindi leo mchana kwenye nyasi, zimeshakauka zamani. Ya pili, kiangazi kikiwa kirefu mpaka magogo yamekauka, moto wako hautaisha nyasi zikiisha, utakaa.

Nyasi nazo zipime kwa macho. Simama mahali uangalie kipande chote, ukikuta nusu bado kijani moto unahangaika kutembea, ikifika kama robo tatu imekuwa rangi ya mchanga, moto unakwenda. Zikiwa zimekauka zote na upepo upo, moto wa nyasi unaweza kupita kilomita 20 kwa saa, hapo mtu hakimbii na hata baiskeli kwenye njia mbovu haitoboi. Ndo maana nasema moto wa nyasi fupi usiudharau, unaungua haraka unaisha haraka na katikati ya hapo ndo watu wanapotea. Angalia pia kama nyasi zinaungana, eneo lenye vipara vya udongo au lililolishiwa na mifugo mpaka chini moto unakosa pa kukanyaga, mpaka upepo uwe mkali wa kuurusha.

Usidanganyike na kijani. Julai 1994 kule Colorado, Marekani, kwenye mlima Storm King moto uliowashwa na radi ulikaa siku kadhaa unatambaa chini taratibu kwenye vichaka vya mialoni mifupi yenye majani mabichi kabisa, wazima moto wakawa wanachimba mkanda wa kuuzuia kushuka kwenye mteremko. Tarehe 6 mchana upepo mkali ukaingia, moto ukavuka korongo ukapanda kupitia yale majani mabichi, 14 wakafa. Ubichi wa majani haukuuzuia moto, upepo na mlima vikamalizia. Kuna mimea pia ambayo ni mibichi lakini ina mafuta au utomvu ndani, misonobari na mikaratusi ndo maarufu, hiyo ubichi wake usiutegemee sana.

Kwenye miti angalia pengo kati ya ardhi na majani ya juu. Kama chini kuna nyasi, juu yake vichaka, juu yake matawi makavu ya chini ya mti, basi moto umepewa ngazi, utapanda mpaka juu na ukishafika juu ya miti ikiwa imeshikana huuzimi kwa mkono, ni kuondoka. Ukipogoa matawi ya chini na kutoa vichaka chini ya miti umeondoa ngazi, hii ni kazi moja yenye faida kubwa kuliko kununua mipira ya maji. Mikaratusi ina lingine, magamba yake marefu yanang'oka yakiwa yanawaka na kupeperushwa mbali. Moto wa Australia wa tarehe 7 Februari 2009 cheche zilikwenda zaidi ya kilomita 30 mbele ya moto wenyewe. Kwahiyo mto, barabara au mkanda uliolimwa unazuia moto unaotembea chini, hauzuii cheche, na nyumba nyingi zinaungua kwa cheche zilizoingia kwenye mifereji ya paa yenye majani makavu au chini ya veranda, moto wenyewe hata haujafika pale.

Ardhi yenye mboji nene, kama mabwawa yaliyokaushwa, ni habari nyingine, moto unaingia chini unakaa wiki au miezi bila ndimi, Indonesia mwaka 2015 walikuwa na moshi wa namna hii. Pale usitembee hovyo, ardhi inaweza kuwa imeliwa chini.

Tuje kwenye hali ya hewa ambayo ndo inabadilika kila saa. Watu wanauliza leo joto nyuzi ngapi, swali zuri zaidi ni unyevu wa hewani ni asilimia ngapi na upepo unatoka wapi. Joto likipanda nyuzi 11 hivi unyevu wa hewani unakaribia kushuka nusu, hata kama hewa ni ileile. Alfajiri nyuzi 15 unyevu asilimia 80, ikifika nyuzi 26 una kama 40, ikifika 37 una kama 20. Ndo maana moto uliolala usiku unaamka saa 5 asubuhi na kufikia kilele kati ya saa 7 na saa 11 jioni. Kuna hesabu rahisi ya 30 tatu, joto juu ya nyuzi 30, unyevu chini ya asilimia 30, upepo juu ya kilomita 30 kwa saa, zikikutana zote siku hiyo usiwashe hata kijiti. Ila usiseme kwakuwa hazijakutana basi salama, nyasi kavu kwenye mteremko hazisubiri 30 tatu. Apu ya hali ya hewa kwenye simu inakupa hizi namba, ila inakupa za stesheni iliyo mbali, bondeni kwako ni tofauti, kwahiyo zichukue uongeze na macho.

Mlimani upepo una ratiba yake. Mchana jua likipasha mteremko hewa inapanda, usiku inapoa inashuka. Maana yake mchana upepo na mlima vinasukuma moto upande mmoja, juu, na usiku vinavutana, ndo maana usiku moto unapoa. Lakini kuna mkanda wa katikati ya mlima ambao usiku unabaki na joto kwasababu hewa baridi imezama bondeni, hapo moto unaendelea kuwaka usiku kucha wakati chini mnavuta blanketi. Na asubuhi ukiona moshi umetanda bondeni haupandi, umekaa tu kama dari, usifurahie, kuna hewa yenye joto juu imeufunika. Ile dari ikipasuka, kawaida katikati ya asubuhi au mchana, moshi unainuka ghafla, anga inakuwa safi, upepo wa juu unashuka, na moto unabadilika ndani ya dakika. Anga kuwa safi ghafla ni ishara ya kuondoka, wengi wanadhani ni ishara ya nafuu.

Kuna pepo za kushuka mlimani zenye joto na ukavu, kama Santa Ana za California, zenyewe zinavunja ratiba yote, zinapiga hata usiku na moto unashuka mlima kwa kasi. Kama eneo lako lina upepo wa namna hiyo wazee wa pale wanaujua mwezi wake, waulize.

Hatari kubwa kuliko zote ni kugeuka kwa upepo. Moto unaosukumwa na upepo mmoja siku nzima unakuwa mrefu na mwembamba, una kichwa kidogo mbele na mbavu ndefu zilizotulia. Upepo ukigeuka robo duara, ule ubavu wote wa kilomita nyingi unakuwa kichwa kwa wakati mmoja. Ndicho kilichotokea ile Februari 2009 jimbo la Victoria, Melbourne ilifika nyuzi 46.4, upepo ulikuwa unatoka kaskazini magharibi, jioni ukageuka kusini magharibi, jumla ya waliokufa siku ile ni 173. Mabadiliko ya namna hii hutabiriwa, kwahiyo cha kusoma kwenye utabiri ni mstari unaosema upepo utageuka saa ngapi na kuelekea wapi, mengine yote baadaye.

Upepo wa mawingu ya radi hautabiriki kirahisi hivyo. Wingu la mvua likianza kuporomoka linamwaga hewa baridi chini, ikigusa ardhi inasambaa pande zote kilomita nyingi, hata kama mvua yenyewe haikufikii. Arizona, Yarnell Hill, tarehe 30 Juni 2013, upepo wa hivyo uligeuza moto na kuwakuta wazima moto 19 wakishuka kwenye bonde lililojaa vichaka. Ukiona mawingu yanajijenga marefu kama koliflawa, au pazia la mvua linaning'inia halifiki chini, au vumbi linakuja kama ukuta, au upepo umekata ghafla kimya kabisa, hesabu una dakika chache.

Sasa jinsi ya kuvitumia hivi pamoja. Chukua ramani ya eneo lako au chora tu kwenye karatasi, weka alama ya makorongo, mapengo, pande zinazopigwa jua la mchana, na nyasi au vichaka vilipo. Chora mshale wa upepo wa kawaida wa kiangazi. Pale ambapo mshale unapanda korongo lenye nyasi kavu kwenye upande wa jua, weka duara nyekundu, pale ni saa 7 mchana mpaka jioni, usiwepo wala usiweke kibanda, mzinga au tenki juu yake. Afu chora mshale wa pili wa upepo uliogeuka, uone ni duara zipi mpya zinatokea. Mara nyingi njia yako ya kutokea iko ndani ya mojawapo.

Siku moto upo kweli, kabla ya chochote mtafute mtu mmoja akae mahali anapouona moto wote, na mkubaliane namna ya kuwasiliana, sio kila mtu anapiga kelele. Jua njia mbili za kutoka na mahali pa kufikia, na zitembee kwa miguu, kwenye karatasi dakika 5 kwenye vichaka ni dakika 20. Mahali pazuri pa kukimbilia ni eneo lililokwisha kuungua kabisa, au shamba lililolimwa, au uwanja wa udongo mpana. Usikae juu ya moto mlimani, usikae kwenye korongo, usikae kwenye pengo. Kama unaweza, toka kwa ubavu na kuelekea chini, sio juu. Na kati yako na moto kusiwe na kipande ambacho bado hakijaungua, hicho kipande ndo kinakuja kukufuata.

Kuondoka ni mapema au usiondoke kwa pupa. Ureno Juni 2017, moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66, wengi wao walikuwa barabarani wanakimbia na magari kwenye moshi hawaoni mbele. Ukinaswa ndani ya gari kabisa, tafuta palipo wazi pasipo majani, elekeza uso wa gari upande moto unakotokea, funga vioo na matundu ya hewa, acha injini na taa zikiwaka, lala chini ya usawa wa vioo ujifunike na blanketi la sufi, sio la nailoni. Gari ni bora kuliko kukimbia kwa miguu, lakini ni bora kidogo tu.

Na moto ukishazimwa usirudi nyumbani jumla. Visiki, mizizi na magogo yenye ule unene wa saa 1000 yanabaki na makaa ndani siku nyingi. Pitia ukingoni kwa nyuma ya kiganja bila kugusa ukisikiliza joto, chimbua, mwagia maji, changanya na udongo, mwagia tena. Kesho yake saa 7 mchana unyevu ukiwa chini na upepo umeanza, zunguka ukingo wote tena, hasa ule upande ambao upepo ukigeuka utasukuma kuelekea nyasi ambazo hazijaungua, na kwenye mteremko anza juu kabla ya kuangalia kama kuna kilichobiringika chini.